Kitui na Makueni: Nchi Ambayo Mali Yake Hupita

Wakenya wengi wanaijua Makueni kwa kuichungulia kutoka dirishani mwa basi. Msafiri wa Mombasa huzipita Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, akanunua machungwa kando ya barabara, akatazama vichaka vya miiba na mibuyu, akajisemea kwamba hapa pana ukame, basi. Kitui haina hata bahati hiyo ya kuonwa, kwa kuwa iko ng'ambo ya Uwanda wa Yatta, mbali na barabara kuu. Jina lake husikika zaidi kwenye taarifa ya habari mwaka wa njaa, pamoja na picha za mifugo waliokonda na foleni ya chakula cha msaada.

Hayo ni kidogo mno kwa eneo la ukubwa huu. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, Makueni takriban 8,000. Kwa pamoja zinaishinda Rwanda nzima kwa ukubwa. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, wengi wao Wakamba. Ni watu waliotawala biashara ya misafara kabla ya ukoloni na waliogeuza miteremko iliyochakaa kuwa mashamba ya ngazi. Kwa nini basi nchi yao bado inahesabiwa miongoni mwa maskini?

Jibu lililozoeleka ni kwamba mvua haitoshi. Lina ukweli, lakini halijitoshelezi. Ukilitazama eneo hili kwa jumla, ardhi, historia, soko na siasa, utaona jambo moja likijirudia: mali ipo, ila hupita. Maji hupita, udongo hupita, mchanga hupita, maembe hupita, vijana hupita. Na kila pahali watu walipoweza kukizuia kitu kikae, maisha yao yamebadilika.

Ardhi na mvua yake

Upande wa magharibi wa Makueni kuna vilima vya Mbooni na Kilungu, penye baridi, chemchemi, kahawa na mashamba madogo yaliyobanana. Kutoka hapo nchi hushuka kuelekea Wote, Kathonzweni na Kibwezi, joto likizidi na nyumba zikitawanyika. Mto Athi ndio mpaka na Kitui. Ukishauvuka unakutana na Uwanda wa Yatta, ukuta mrefu wa mawe ya volkano wenye urefu wa karibu kilomita 300, miongoni mwa mikondo mirefu zaidi ya lava duniani. Lava hiyo ilitiririka ndani ya bonde la mto wa kale mamilioni ya miaka iliyopita. Kingo za bonde zikamomonyoka, lava ikabaki imesimama juu. Nyuma yake ndipo ulipo mji wa Kitui na vilima vyake, kisha tambarare zinazoteremka mashariki hadi Kaunti ya Tana River, zikikatizwa na vilima vya Endau na Mumoni. Kaskazini mpaka ni Mto Tana. Kusini ni mbuga ya Tsavo, na tembo wake ambao hawaujui mpaka.

Mvua huja mara mbili. Tofauti na sehemu nyingi za Kenya, hapa mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tegemeo la mkulima, na ile ya Machi hadi Mei ndiyo isiyoaminika. Mkulima wa Dodoma, katika nchi kame kama hii, ana msimu mmoja tu kwa mwaka. Wa Kitui ana nafasi mbili za kuvuna na nafasi mbili za kupoteza mbegu. Ukame uliokausha Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa 2020 ulikula misimu mitano mfululizo. Kabla yake ilikuwepo njaa ya Ngomanisye ya 1898 na 1899, na ile ya 1984 inayokumbukwa kwa jina la Nikwa Ngwete, ambapo watu walikuwa na fedha mkononi na hawakuona chakula cha kununua.

Lakini mvua ikinyesha, hunyesha kwa ghadhabu. Mito ya Tiva, Thua, Enziu, Kaiti na Thwake ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, kisha kwa saa chache hujaa kutoka ukingo hadi ukingo. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa likijaribu kuvuka Mto Enziu karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mto uliowaua ni wa nchi ambayo akina mama hutembea masaa kutafuta mtungi mmoja wa maji. Sehemu ya mafuriko hayo hukimbilia Bahari ya Hindi, ikipitia Tana upande mmoja na Athi, inayoitwa Galana huko chini, upande mwingine.

Hata mlima unanyesha kwa ajili ya wengine. Vilima vya Chyulu, mpakani mwa Makueni na Kajiado, ni volkano changa yenye mawe ya vinyweleo. Mvua yake huzama chini, sehemu ikatokea kwenye chemchemi za Makindu na Kibwezi, na nyingine ikaibuka Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, ambako bomba huipeleka Mombasa tangu miaka ya 1950. Mkaazi wa Mombasa anayefungua mfereji ananufaika na mvua ya Chyulu. Mkulima aliye chini ya mlima huohuo mara nyingi hunywa maji ya chumvi ya kisima cha kuchimbwa.

Kutoka misafara hadi reli

Zamani Wakamba ndio waliopitisha mali ya wengine. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara yao ilibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Rabai na Mombasa, ikarudi na nguo, chumvi na shanga. Kivoi wa Kitui alikuwa mmoja wa wakuu wa biashara hiyo. Ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na ilikuwa kutoka Kitui, Desemba mwaka huo, Krapf alipouona Mlima Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851 akiwa safarini kuelekea Tana. Miongo iliyofuata, misafara ya Waswahili na Waarabu ilijipenyeza hadi bara yenyewe, na Wakamba wakapoteza nafasi yao ya katikati.

Reli iliyoondoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899 ilizitenga kaunti hizi mbili hadi leo. Makueni ilipata vituo, maduka, mashamba ya mkonge ya Kibwezi, na baadaye lami ya Mombasa na reli mpya ya 2017. Kitui haikupata reli, na mpaka sasa haina. Barabara ya lami ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui ni ya miaka ya hivi karibuni tu. Mtu wa Ikutha, Kitui, aliyelima ndengu miaka ya nyuma alikuwa na shamba lakini hakuwa na njia ya soko, na hilo ndilo lililowafanya watu wa mahali pamoja, wa lugha moja, wawe na bahati tofauti.

Mikono iliyozuia udongo

Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiandika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, kuwa nchi inayokufa: makorongo kila mahali, mifugo kupita kiasi, udongo ukielekea baharini. Walisahau kuandika kwamba ardhi nzuri ya jirani ilikuwa imechukuliwa na walowezi, na mifugo ikabanwa kwenye hifadhi ya wenyeji. Dawa yao ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walitwaliwa, wengi wakipelekwa kiwanda cha nyama cha Athi River, na maelfu ya Wakamba wakatembea hadi Nairobi kudai mifugo yao, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Serikali ilimhamishia Lamu, lakini utwaaji ukasitishwa.

Kilichofuata kinafaa kufundishwa katika kila shule ya Kenya. Wakulima walichukua ufundi wa matuta, wakaubadilisha uwafae. Katika mtindo unaoitwa fanya juu, mtu huchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mteremko, na udongo anaoutoa huutupa upande wa juu uwe tuta. Juu ya tuta hupandwa nyasi za kulishia ng'ombe. Ndani ya mtaro, migomba na mipapai. Mvua ikija, maji yanayoteremka hukutana na tuta yakatulia, udongo yaliyoubeba ukaketi, na baada ya misimu kadhaa mteremko huwa ngazi. Kazi hiyo haikufanywa na tingatinga. Ilifanywa na mwethya, vikundi vya majirani, wengi wao wanawake, waliolima kwa zamu leo kwa huyu kesho kwa yule, jembe na sururu mkononi.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos na Makueni waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua badala ya kuzidi. Wakosoaji walijibu, kwa haki, kwamba mafanikio hayo yalisaidiwa na ukaribu wa Nairobi na mishahara iliyotumwa nyumbani, na kwamba si kila familia ilifaidi. Hoja zote mbili zinapatana: fedha ya mjini ilijenga pale ilipokuta mikono iliyojipanga. Kitui, iliyo mbali na mji na yenye watu waliotawanyika, ilipata kidogo cha vyote viwili.

Maji ndani ya mchanga

Kwa maji, Kitui na Makueni zimekuwa mwalimu wa dunia. Hakuna eneo linalojulikana zaidi kwa mabwawa ya mchanga. Kanuni yake ni nyepesi. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukingama mto wa msimu, mahali ambapo mwamba uko karibu. Mafuriko yakija, mchanga mzito huketi nyuma ya ukuta na udongo mwepesi hupita juu. Baada ya misimu michache bonde hujaa mchanga, na kati ya chembe zake hukaa maji, robo ya ujazo wote au zaidi. Jua haliyafikii, mbu hawazalii humo, na mchanga wenyewe huyachuja.

Nenda kwenye bwawa kama hilo mwezi wa Septemba, wakati kila kitu kimekauka. Utaona shimo lililozungushiwa matawi ya miiba ili mifugo isichafue, na ndani yake mama ameinama akichota kwa kibuyu kilichokatwa, akijaza mtungi wa lita 20 taratibu, huku punda wawili wakingoja mizigo yao. Anachota, anasubiri maji yajikusanye tena, anachota. Kabla ya bwawa, safari yake ilikuwa ya nusu siku. Shirika la SASOL la Kitui limesaidia kujenga mamia ya mabwawa haya tangu miaka ya 1990, na mengine mengi yamejengwa Makueni na Machakos na vikundi vya kujisaidia. Wanakijiji hukusanya mawe na mchanga na kutoa nguvu zao. Mfadhili huleta saruji, chuma na fundi.

Shamba na soko

Mahindi ndiyo udhaifu mkubwa wa mkulima wa huku. Hata ile mbegu ya muda mfupi ya Katumani, iliyozalishwa kwa ajili ya nchi kame, hushindwa mvua inapokatika mapema. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharage au kunde, ndiyo chakula cha heshima, na heshima hiyo ndiyo inayomfanya mtu apande mahindi msimu baada ya msimu pahali ambapo mtama na mawele yangestahimili. Mazao yanayoijua ardhi hii ni ndengu, kunde, mbaazi na mtama. Kitui inaongoza Kenya kwa ndengu, na serikali ya kaunti iliwahi kugawa mbegu kwa wingi ili kuzifanya ndengu kuwa zao la fedha. Mavuno yalikuja, bei ikaanguka wakati wa mavuno, na aliyenufaika ni mwenye ghala la kungojea.

Kwa maembe, Makueni ni jina kubwa. Lakini utaratibu wa soko unauma. Mara nyingi dalali humfuata mkulima akiwa na shida ya karo, akanunua mti mzima ukiwa bado na matunda machanga, kwa bei anayoitaja yeye. Maembe yakiiva yote kwa wakati mmoja, mwenye mti hana chumba baridi cha kuyahifadhia wala mashine ya kuyakamulia. Kutoka 2014 Kenya ilijizuia kuuza maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na soko hilo lilifunguka tena 2021 baada ya kazi ndefu ya kudhibiti wadudu, Makueni ikiwa mstari wa mbele. Kaunti ilijenga kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba. Ni hatua sahihi, kwa kuwa rojo la embe linaweza kungoja mnunuzi na embe haliwezi. Kitui nayo ilianzisha kiwanda cha nguo Syongila, na asali ya Mwingi imejijengea jina. Vyote hivi bado ni vidogo mno vikilinganishwa na shehena inayoondoka ghafi kila msimu.

Kinachochimbwa kisirudi

Mchanga unaoshikilia maji ya Kitui na Makueni ndio huohuo unaojenga maghorofa ya Nairobi. Malori huja usiku, mto ukabaki mwamba mtupu, na visima vya kingoni vikakauka. Watu wameuawa katika ugomvi huu. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa na mchanga mwaka 2018, chini ya Gavana Charity Ngilu, na makabiliano yaliyofuata yakatikisa mahusiano na wafanyabiashara wa makaa kutoka Kiambu.

Marufuku peke yake haitoshi, kwa sababu anayechoma makaa mara nyingi ni mzazi aliyekosa mavuno. Mkaa ndio bima yake ya ukame. Anachohitaji ni mti wa kumlipa ukiwa umesimama. Mukau, mti wa asili usioogopa ukame, hutoa mbao nzuri kwa miaka michache kuliko miti mingi ya mbao, na kituo cha utafiti wa misitu cha Kitui kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Mwenye ekari mbili za mukau ana akiba ambayo mchoma makaa hana.

Ukoo, ngoma na ibada

Utamaduni wa Wakamba hutajwa kwa vinyago, vyondo na sarakasi za wachezaji ngoma. Hayo ni kweli, lakini utamaduni unaofanya kazi zaidi uko kwenye mbai, ukoo. Koo za leo zina wenyeviti, vitabu vya michango na mikutano ya mwaka. Mtu akilazwa, akifiwa, au mtoto akifaulu kuingia chuo kikuu bila karo, ukoo hukutana. Wakamba wa Nairobi na Mombasa hutozwa michango kama walioko nyumbani. Njia hiyo hurudisha kijijini sehemu ya fedha na ujuzi vilivyoondoka na vijana.

Mathembo, yaani misitu ya ibada, yalilindwa kwa karne nyingi. Hakuna aliyethubutu kukata mti wala kulisha ng'ombe humo, na chemchemi nyingi zilinusurika kwa hofu hiyo. Wanawake walipiga ngoma ya kilumi kuomba mvua na uponyaji. Ukristo ulikuja mapema, misheni ya African Inland ikianzia Nzaui mwaka 1895, na leo makanisa yamejaa kila soko. Wengi wameyaacha mathembo, na pamoja nayo yakaondoka makatazo yaliyolinda vyanzo vya maji. Kanisa linaloanza kupanda miti kwenye uwanja wake linaokota jukumu hilo lililoanguka.

Upande wa mashariki, Mwingi na Kitui Mashariki, kuna uhusiano mgumu na wafugaji wa ngamia na ng'ombe wanaovuka kutoka Tana River na Garissa wakati wa kiangazi. Wanafuata majani, wakulima wanalinda mazao. Damu imemwagika pande zote, na polisi hufika baada ya maziko. Makubaliano ya njia za mifugo na visima yanayosimamiwa na wazee wa pande mbili yanahitaji fedha na sheria ya kudumu, wala si mkutano wa amani mmoja kila baada ya mauaji.

Ugatuzi na miradi mikubwa

Tangu 2013 kaunti hizi zina bajeti zake. Makueni ilianza vibaya: mvutano wa gavana na bunge la kaunti ulifika kwenye milio ya risasi Wote mwaka 2014, tume ikapendekeza kaunti isimamishwe, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka 2015. Kutoka kwenye vurugu hiyo kulitoka kaunti inayotajwa kote nchini kwa kushirikisha wananchi. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, vikao vya bajeti vilianzia kijijini, na kila mradi ukawa na kamati ya wenyeji ya kuukagua. Mwaka 2016 ilianzisha MakueniCare, ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Shilingi 500 wakati huo zilikuwa kama bei ya kuku mmoja. Mpango huo uliwaokoa wengi wasiuze ng'ombe au shamba kwa ajili ya ugonjwa.

Miradi ya kitaifa imekwenda kwa mwendo mwingine. Bwawa la Thwake kwenye Mto Athi, lenye ukuta wa karibu mita 80, lilianza kujengwa 2018 kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na tarehe za kukamilika zimesogezwa tena na tena. Litahifadhi maji ambayo yangekwenda baharini, na hiyo ni neema. Lakini Athi hubeba maji taka ya Nairobi, na mto usiposafishwa huko juu, watu wa huku chini watapewa uchafu wa wengine. Huko Mui, Kitui, tani zaidi ya milioni 400 za makaa ya mawe zilikadiriwa katika kitalu kimoja na mkataba ukatolewa kwa kampuni ya China. Miaka imepita, makaa hayajachimbwa, na wenye mashamba wameishi bila kujua kama wajenge nyumba ya kudumu au wangoje kuhamishwa.

Ukiyapima haya yote kwa pamoja, hukumu ni moja. Kilichoinua Kitui na Makueni ni kile kilichofanya mali itulie: tuta, bwawa la mchanga, ukoo uliojipanga, kadi ya matibabu ya shilingi 500, kiwanda kilicho karibu na mwembe. Kilichoziumiza ni kile kilichoharakisha mali kuondoka. Nchi kavu ya namna hii ina nafasi ndogo ya kukosea kuliko nchi ya mvua, na kila shilingi ya kaunti inapaswa kupimwa kwa kipimo hicho.

Mwaka 2027 wagombea watapita tena kila soko, kutoka Tseikuru hadi Mtito Andei, wakiahidi lami, mabomba na viwanda. Mpiga kura asiulize mradi utagharimu mabilioni mangapi. Amuulize mgombea jambo moja, na asikubali jibu la nusu: mvua ikikatika misimu miwili na wewe umerudi Nairobi, ni kitu gani kitakuwa kimebaki hapa kijijini, na nani atakuwa na ufunguo wake?